Aliyebanwa Ana Zamu Yake

Klabu ya sataranji ninayoisaidia siku za Jumamosi hapa Iringa imegawanyika makundi mawili. Kundi moja lina wazazi wengi na kijana mmoja hodari anayewafundisha watoto kwa simu. Hao wanataka kila mtoto apewe karatasi yenye hatua kumi na tano za mwanzo, ufunguzi mmoja wa kete nyeupe na mwingine wa kete nyeusi, azikariri mpaka aweze kuzitamka usingizini, ndipo apelekwe kwenye mashindano ya shule. Kundi la pili ni dogo, na mimi nimo. Sisi tunasema mtoto asiguse karatasi mpaka aweze kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kila upande unatafuta nini pale ubaoni.

Mabishano haya si ya klabu yetu peke yake. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umetungwa kwa shabaha ya kumtoa mwanafunzi kwenye kukariri na kumpeleka kwenye kutenda, na walimu ninaoongea nao wanajua ilivyo kazi kuiacha njia ya zamani, kwa sababu kukariri huleta maksi upesi. Kwenye sataranji pia huleta ushindi upesi. Mtoto aliyekariri humfunga mwenzake katika hatua ya kumi, mzazi anapiga makofi, na hakuna anayeuliza ingekuwaje kama mpinzani angesogeza kete nyingine katika hatua ya nne. Ndiyo maana siku hizi ninawakumbuka sana watu walionifundisha, Mbeya na hapa, enzi za ujana wangu. Hakuna hata mmoja wao aliyenipa orodha ya hatua. Walichonipa ni njia ya kuutazama ubao: mwanzo wa mchezo ni ushindani wa kugombea nafasi, na anayechukua nafasi kubwa amechukua pia wajibu wa kuilinda.

Nilikulia Mbeya miaka ya tisini, jirani na soko la Mwanjelwa, kabla soko la zamani halijaungua. Kwenye baraza la fundi cherehani mmoja palikuwa na ubao wa drafti uliochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kipande cha plaiwudi. Kete zake zilikuwa visoda, vya upande mmoja vimelala chali, vya upande wa pili vimelala kifudifudi. Wachezaji walikuwa makondakta, wabeba mizigo, na wauza viazi waliokwisha maliza gunia la siku. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhuka kutoka Loleza, walicheza wamevaa makoti mawili mawili na hakuna aliyetaka kuondoka.

Pale alikuwapo mzee mmoja mstaafu ambaye vijana walimwogopa. Ukimtazama kwa mara ya kwanza ungedhani hachezi chochote. Vijana walizisukuma kete zao mbele kwa kishindo, kila kisoda kikigongwa ubaoni, wakalijaza eneo la kati na kuanza kumtania. Yeye alibaki nyuma, akisogeza kete za pembeni polepole, mara nyingi bila kuinua macho. Halafu, wakati kijana hana tena pa kusogea bila kujifungua, mzee alitoa kete moja. Kwenye drafti kula ni lazima, hivyo kijana alikula. Mzee akatoa ya pili, kijana akala tena. Kisha kisoda kimoja cha mzee kiliruka mara tatu kwa mkupuo na kutua mstari wa mwisho, kikawa kingi.

Siku moja nilimwamkia nikasimama nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Umekuja kuangalia au kujifunza?"

Nikamwambia nataka kujifunza. Akanionyesha kete ya mpinzani iliyokuwa imetangulia mbele kuliko zote. "Watu wote hapa wanaiangalia hii," alisema. "Wanaiona imefika mbali. Wewe, baba, angalia ilikotoka. Kila kete iliyokwenda mbele imehama mahali, na pale ilipohama hakuna tena wa kupalinda."

Nimesoma vitabu vingi vya sataranji tangu siku ile na sijapata maelezo bora zaidi ya kujibu mapigo. Kete ya kawaida ya drafti, kama askari wa sataranji, hairudi nyuma. Ikishasogea, miraba iliyokuwa ikiilinda imebaki bila mwenyewe kwa mchezo wote uliobaki. Kwa hiyo nafasi unayoichukua mbele inakuja pamoja na mapengo unayoyaacha nyuma, na mchezaji aliyebanwa, akiwa na subira na macho, anajua mapengo hayo yako wapi kabla ya mwenye nafasi kukumbuka kwamba yapo.

Sataranji yenyewe niliikuta Tunduma. Wakati huo Tunduma ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Mama yangu mdogo alikuwa na mgahawa wa mbao karibu na mpaka, na wakati wa likizo nilipanda treni ya TAZARA kwenda kumsaidia kuosha vyombo. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalipanga foleni, na madereva walikaa mgahawani wakisubiri karatasi za mizigo yao. Mmoja wao, Mzambia, alitembea na ubao wa sataranji unaokunjwa, wenye vitundu vya kuchomekea kete ili zisianguke lori linaporuka kwenye mashimo. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimechanganyika na Kibemba.

"Drafti unaijua?" aliniuliza. "Basi ubao unaujua tayari. Miraba ni ile ile sitini na nne."

Alinifundisha mwendo wa kete, kisha akaniwekea Ulinzi wa Kifaransa, nadhani kwa sababu ndio alioupenda yeye. Mweupe anaanza kwa kumsukuma askari wa mfalme hatua mbili, hadi e4. Mweusi anajibu kwa hatua moja tu, e6. Mweupe anaongeza d4, mweusi d5. Mweupe anamsogeza askari wake wa e4 hadi e5, na hapo mweusi anaonekana amebanwa kweli: farasi wake wa upande wa mfalme hawezi kwenda f6, askofu wake mmoja amefungiwa nyuma ya askari wa e6, na katikati kote kuna weupe. Nilimwambia dereva kwamba mweusi amekwisha. Akacheka, akamsogeza askari wa c7 hatua mbili, hadi c5.

Nikaelewa pale pale, kwa sababu mzee wa Mwanjelwa alikuwa ameshanifundisha. Askari wa e5 anasimama kwa nguvu ya askari wa d4. Mweusi hagombani na wa mbele, anakwenda kwa yule anayemshikilia. Hatua zote zinazofuata zinamlenga huyo: farasi anatoka c6, malkia anakwenda b6, farasi wa pili anazunguka hadi f5. Mweupe naye analeta c3, farasi f3, na kila alicho nacho ili d4 isianguke. Ukifika hatua ya nane, mweupe ana nafasi zaidi lakini kete zake zimegeuka walinzi wa askari mmoja. Mtoto anayejua hilo hahitaji kukariri kwamba farasi huenda c6. Mkono wake utakwenda huko wenyewe.

Zambia ilikuwa mbele yetu sana katika mchezo huu, na madereva wale walijivunia jambo hilo. Baadaye nilipoanza kusoma habari za Amon Simutowe wa Ndola sikushangaa. Mwaka 2000 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana huko Yerevan, na mwaka 2007, akicheza Uholanzi, alitimiza viwango vilivyomfanya kuwa grandmasta wa kwanza wa sataranji kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kutoka Tunduma hadi Ndola ni mbali, lakini ni nchi iliyo ng'ambo ya barabara. Kwa mtoto aliyeosha vyombo mpakani, habari ile ilikuwa na maana kubwa kuliko habari yoyote kutoka Moscow.

Nilipochaguliwa kidato cha tano nilihamia Iringa. Huku watu waliniamkia "kamwene" nami nikajifunza kuitikia. Karibu na soko kuu palikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja wa asili ya Kihindi, na nyuma ya kaunta, kati ya majora ya kitenge, palikuwa na ubao. Mzee huyo alijifunza sataranji kwa baba yake, kwa kanuni za zamani za Bara Hindi ambazo askari hana ruhusa ya kuruka hatua mbili mwanzoni. Alikuwa ameshazijua kanuni za kimataifa, lakini tabia ya mikono yake haikubadilika. Alimsogeza askari wa g hatua moja, akamweka askofu kwenye g7, akamficha mfalme pembeni na kuniachia katikati yote. Alifanya hivyo bila wasiwasi, huku akimpimia mteja mita tatu za kitambaa.

Ndipo niliposoma kwamba ulinzi unaoitwa wa Kihindi ulipata jina lake kwa njia hiyo hasa. Katikati ya karne ya 19, Mskoti John Cochrane alicheza michezo mingi Calcutta na mwenyeji mmoja aliyeitwa Moheschunder Bannerjee, ambaye alipanga kete zake hivyo wakati vitabu vya Ulaya vilifundisha kwamba kumwachia mpinzani katikati ni ujinga. Ilipita miaka mingi kabla wakubwa wa Ulaya hawajaukubali mpangilio ule. Miaka ya 1920 kizazi cha Aron Nimzowitsch na Richard Réti kilisimama kutetea wazo kwamba katikati inaweza kutawaliwa kwa mbali, na mwaka 1924 huko New York Réti alimfunga Capablanca, aliyekuwa hajapoteza mchezo kwa miaka minane. Halafu akatokea Mir Sultan Khan wa Punjab, aliyekuzwa kwa kanuni zile zile za askari wa hatua moja. Alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1929, 1932 na 1933, naye pia akamfunga Capablanca. Nawasimulia watoto habari hizi kwa makusudi. Wazo ambalo dunia nzima inalitumia leo lilichezwa kwanza na watu ambao hawakuulizwa maoni yao.

Kwa mzee wa duka nilijifunza Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme unavyopumua. Mweupe anajenga ukuta c4, d4, e4. Mweusi anasubiri mpaka mfalme wake yuko salama, ndipo anapiga kwa e5. Mweupe akisogea d5, katikati inafungwa, na kuanzia hapo ubao unakuwa nchi mbili. Mweupe anasonga upande wa malkia kwa c5, akilenga d6. Mweusi anamwondoa farasi wake f6 ili ampishe askari, kisha anapeleka f5, f4, g5, moja kwa moja kwa mfalme wa mweupe. Nani atafika kwanza? Mwaka 1953 huko Mar del Plata, Argentina, Gligorić akiwa na nyeusi alimfunga Najdorf katika mbio za namna hiyo, na mpango ule ukabeba jina la mji huo. Mzee hakujua habari za Mar del Plata. Alijua tu kwamba askari wake walikuwa wanaelekea upande gani, na kwamba huko ndiko kwenye kazi yake.

Mwalimu wangu wa nne alikuwa padri mzee, Mwitaliano wa Konsolata, shirika lililofika Iringa mwaka 1919. Aliishi Tosamaganga na alikuwa na kitabu cha Nimzowitsch kuhusu mfumo wake, kile kilichotoka mwaka 1925, katika tafsiri ya Kiitaliano. Jumapili baada ya misa ya pili alikifungua mezani na kunitafsiria kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kihehe. Kutoka kwake nilipata upande wa pili wa somo. Walimu wangu watatu wa kwanza walinifundisha kujibu mapigo. Padri alinifundisha kuyazuia kabla hayajaanza. Kabla ya kila hatua alinitaka nimjibu swali moja: mwenzako angefanya nini kama ingekuwa zamu yake tena? Nikishindwa kujibu, hakuniruhusu kugusa kete. Tulikaa muda mrefu mno kwenye hatua moja, mpaka kahawa ikapoa, na wakati mwingine mchezo mzima haukufika hatua ya ishirini kabla sijatakiwa kurudi bweni.

Swali lile ni gumu kuliko linavyosikika. Mwenye nafasi kubwa hupenda kuzihesabu njia zake mwenyewe, ambazo ni nyingi. Za mpinzani aliyebanwa ni mbili au tatu tu, lakini ndizo pekee zinazoweza kumwangusha. Kwa hiyo ustadi wa kucheza kwa nafasi ni kuzijua hizo mbili au tatu na kuziziba moja baada ya nyingine, bila papara, hata kama kufanya hivyo kunaonekana hakuna maendeleo.

Njia ya kurudi mjini ilipita Kalenga. Hapo ndipo palipokuwa na boma la Mtwa Mkwawa, na hapo ndipo linapotunzwa fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Sipendi vita vilivyoua watu kulinganishwa na mchezo wa kete, na sitafanya hivyo kwa wepesi. Lakini padri alikuwa mtu wa historia, na mtu hawezi kukaa Iringa akafikiri juu ya kushambulia na kujibu bila kufika kwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kinasonga ndani ya nchi ya Wahehe kwa msururu mrefu, kikijiamini kwa bunduki na mizinga yake. Pale Lugalo Wahehe walikuwa wamejificha kando ya njia. Waliacha msururu uingie, kisha wakaupiga kwa karibu mno kiasi kwamba silaha za mbali hazikufaa kitu. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Oktoba 1894 mambo yalikuwa tofauti. Wahehe walikuwa nyuma ya kuta za mawe za Kalenga, adui alijua hasa walipo, akaleta mizinga na kuliteka boma. Mkwawa aliponyoka na kurudi kwenye vita vya msituni, na iliwachukua Wajerumani mpaka Julai 1898 kumfikia, akiwa amekwisha jiua asikamatwe.

Padri aliniambia nisiseme kwamba ukuta ulikuwa kosa. Watu wa Kalenga walikuwa na wake, watoto na ng'ombe wa kulinda, na hakuna ubao wenye vitu hivyo. Alichotaka nikione ni hiki: mlinzi anayekaa mahali panapojulikana na kusubiri amempa mshambuliaji muda wa kuleta kila alicho nacho. Mlinzi anayebaki na uwezo wa kupiga anamlazimisha mshambuliaji aangalie nyuma kila anaposogea. Tangu siku hiyo, mtoto akiniambia "mimi nalinda tu", namuuliza analinda huku akijiandaa kupiga wapi.

Nilimaliza masomo, nikaajiriwa, na kazi ikanirudisha Mbeya kwa miaka kadhaa. Wakati huo nilikuwa nimejifunza ufunguzi unaoitwa Kafara ya Benko. Mweupe anacheza d4, mweusi farasi f6. Mweupe c4, mweusi c5. Mweupe d5, na hapo mweusi anatoa askari bure: b5. Mweupe akila, mweusi anaongeza a6, na mweupe akila tena, mweusi amepungukiwa askari mmoja na hana shambulio lolote la kuonekana. Mfalme wa mweupe hana hatari. Malkia wakibadilishana, mweusi bado yuko sawa, na huenda akawa bora zaidi. Kwa mtu aliyezoea kwamba kafara hutolewa ili kumkamata mfalme, jambo hili ni gumu kulikubali. Pal Benko mwenyewe, Mhungaria aliyehamia Marekani, ndiye mtu aliyeachia nafasi yake mwaka 1970 ili Bobby Fischer aweze kushiriki mchujo uliomfikisha kwenye ubingwa wa dunia, na huwa nafikiri kwamba alijua kuliko wengi thamani ya kitu kinachotolewa kwa hiari.

Nilimkuta mzee wa Mwanjelwa bado yupo, macho yakiwa yamepungua nguvu. Fundi cherehani alikuwa amehamia kibanda kingine, na ubao ulikwenda naye. Nilimpangia sataranji juu ya ubao ule ule wa drafti, nikamweleza mwendo wa kete kwa ufupi, kisha nikamwonyesha kafara. Aliinama akaugusa ubao kwa kidole, mstari wa a, kisha mstari wa b.

"Hii mistari miwili itabaki wazi mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa mchezo, mzee."

"Na huyu mkubwa wa pembeni," akamgusa ngome, "anapita humo?"

"Anapita, wote wawili. Na askofu huyu wa g7 anaona mpaka kule chini."

"Basi hajampa kitu, baba. Amempa mzigo wa kubeba, halafu amekaa kwenye njia yake."

Mzee yule hakuwahi kucheza sataranji maishani. Alielewa kwa muda mfupi kile ambacho vijana wanaokariri Benko hatua kwa hatua hawakielewi kwa mwaka mzima. Wao wakishamtoa askari, wanaanza kuwa na wasiwasi, wanatafuta namna ya kumrudisha upesi, na hivyo wanayaharibu mashinikizo yaliyokuwa malipo ya kafara. Drafti ilimfundisha kwamba kete ni sarafu ya kununulia njia.

Sasa nirudi kwenye karatasi za klabu, kwa sababu kijana mwenzetu ana hoja na sitaki kuipuuza. Ziko funguzi ambazo usipozijua kwa kichwa umekwisha. Kwenye baadhi ya njia kali za Ulinzi wa Kisisilia, hatua moja ya kubahatisha inatosha kumpoteza mfalme, na hakuna hekima ya kizee itakayomwokoa mtoto hapo. Pia simu imewafungulia watoto wa Kihesa na Ipogolo milango ambayo mimi nilisubiri likizo na foleni ya malori kuifikia. Leo mtoto anafungua Lichess bila kulipa senti na kucheza na mtu wa Lima au Manila kabla ya chakula cha jioni. Nashukuru kwa hilo, nalisema wazi.

Kinachonitia hofu ni ile namba iliyo kando ya ubao wa simu. Programu inakadiria nani yuko mbele na kuandika, tuseme, kwamba mweupe anazidi kwa nusu ya askari au zaidi. Mtoto anayecheza Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme anaiona namba hiyo katika hatua ya saba, na uso wake unabadilika. Anaamini ameshashindwa. Namba ile inapimwa kwa kudhani kwamba pande zote mbili zitacheza kama mashine mpaka mwisho. Haimwambii kwamba mpinzani wake wa miaka kumi na mmoja anatakiwa kupata hatua sahihi tena na tena, kila mara akijiuliza swali la padri, wakati yeye anatakiwa kuandaa pigo moja tu. Nimewaona watoto wakiacha ufunguzi mzuri kwa sababu ya tarakimu, na hilo linaniuma kuliko kuwaona wakifungwa.

Kwa hiyo siku hizi naanza somo kwa upande wa mweusi. Napanga kete katika mpangilio unaoitwa Kalunguyeye: askari wa mweusi a6, b6, d6 na e6, wote kwenye mstari wa tatu, kete kubwa zimejibana nyuma yao. Mweupe ana c4 na e4 na nusu ya ubao. Naficha simu, nauliza: mweusi anataka nini? Mara ya kwanza nilipouliza, darasa lilinyamaza kabisa. Baada ya wiki chache walianza kuona kwamba miba ya mnyama huyu ni miwili, b5 na d5, na kwamba kila hatua ya mweusi, hata ile inayoonekana ya kupoteza muda, inafaa kuisogeza karibu siku ya mmoja wa miba hiyo.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja wa darasa la sita alicheza mpangilio huo dhidi ya mvulana aliyekuwa na karatasi. Karatasi ya mvulana iliishia hatua ya tisa, kwa sababu msichana alisogeza askofu mahali ambapo haikuandikwa. Kuanzia hapo mvulana alisonga mbele, kama wafanyavyo wote wasiojua la kufanya. Alipeleka f4, akapeleka g4, akawa na nafasi ambayo mzazi wake, aliyesimama dirishani, aliifurahia. Msichana alisubiri. Farasi wa mweupe alipoondoka c3 kwenda kusaidia mashambulizi, aliinua kichwa akaniangalia, nami nikatazama pembeni nisimpe jibu. Akacheza d5.

Baada ya mchezo niliwakalisha wote wawili na kuwauliza pigo lile lilizaliwa wapi. Mvulana, ambaye ana akili sana na hana tatizo lolote isipokuwa ile karatasi, ndiye aliyejibu: "Nilipomtoa farasi, mwalimu. Alikuwa anapalinda." Kijana wetu wa simu alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia. Tumekubaliana kwamba karatasi zitaendelea kuwapo, ila kila hatua itaandikwa pamoja na sababu yake, na sababu ataiandika mtoto. Jumamosi ijayo hao wawili wanabadilishana rangi. Msichana atashika nyeupe dhidi ya Kalunguyeye yule yule, na kazi niliyompa si kushambulia. Ni kuhakikisha mpaka hatua ya ishirini na tano d5 haijachezeka.